Kimbunga Kilichotupita Mtwara

Leo nimefungua tena daftari langu la mwaka 2019, na nimekaa muda mrefu kwenye ukurasa wa Alhamisi ya tarehe 25 Aprili, siku ambayo sisi wa Mtwara tulikisubiri Kimbunga Kenneth. Nimeandika hapo kwamba shule na ofisi zilifungwa, kwamba wakazi wa mabondeni na kando ya bahari walitakiwa kuhamia sehemu za juu, na kwamba mama alitia vyeti vyetu vya kuzaliwa kwenye mfuko wa nailoni, akauviringisha ndani ya kitenge na kujifunga kiunoni. Mjomba, ambaye ni mvuvi wa Mikindani, aliivuta ngalawa yake mpaka juu ya pwani akaifunga kwenye mnazi kwa kamba mbili.

Kimbunga kilitua Msumbiji, kaskazini mwa mji wa Pemba, yapata kilomita 200 kusini mwetu. Kesho yake, sikukuu ya Muungano, mjomba aliniambia, "Mpwa wangu, hawa wa hali ya hewa wametukimbiza bure." Sikumjibu, kwa kuwa nami niliwaza hivyo hivyo, na ndiyo maana ukurasa huu unanisumbua mpaka leo.

Kimbunga hakijiendeshi. Huchukuliwa na mikondo mikubwa ya upepo inayokizunguka, kama gogo linavyochukuliwa na mto, na mikondo hiyo nayo hubadilika kadiri maeneo ya mgandamizo mkubwa wa hewa yanavyosogea. Siku moja nilitandika ramani mezani, nikaazima kipimapembe cha mwanangu na kuanza kupiga mistari. Kimbunga kilicho umbali wa kilomita 1,000 kikipinda kwa nyuzi 10 tu, mahali pa kutua panahama kwa zaidi ya kilomita 170. Hata kikiwa kimeshafika karibu na Ngazija, kisiwa kikubwa cha Komoro, ambako Kenneth ilipita usiku wa kuamkia siku ile, nyuzi hizo hizo 10 zinatosha kukihamisha kilomita 50 kwenye pwani yetu. Nilipoinua kichwa nilijionea aibu kwa kudai kwamba mtaalamu wa hali ya hewa aliye mbele ya kompyuta anitajie kijiji kitakachopigwa.

Tena wataalamu wa upande wetu wa bahari wana kazi ngumu zaidi. Marekani hutuma ndege ziingie ndani ya vimbunga vya Atlantiki na kupima upepo humo humo, lakini huku kusini magharibi mwa Bahari ya Hindi hutegemewa zaidi picha za setilaiti. Ndiyo maana utabiri mkweli hauchori mstari mmoja, bali eneo linalopanuka mbele kama mdomo wa tarumbeta, na kila aliyemo ndani yake ana sababu ya kujiandaa. Sisi tulikuwa ndani yake.

Lililoniuma zaidi lilikuja kwa simu. Mke wa mjomba ni Mmakonde mwenye dada yake Macomia, huko Msumbiji ng'ambo ya mto Ruvuma, na kwa siku nne simu ya huko haikupatikana. Ilipopatikana tulisikia kwamba bati zote za nyumba ziling'oka na kwamba familia ilijibanza chini ya meza usiku kucha. Zaidi ya watu 40 walifariki Msumbiji kwa kimbunga hicho, wiki sita tu baada ya kimbunga kingine, Idai, kuuvunja mji wa Beira huko huko. Tulichokiita bure kilikuwa kimewaangukia ndugu zetu.

Mwezi Mei 2024 tahadhari ilipotolewa juu ya Kimbunga Hidaya, mjomba aliivuta tena ngalawa bila kuambiwa na mtu. Jumamosi ya tarehe 4 kimbunga kiliingia Mafia na kupungua nguvu. Nilidhani atanikumbusha ya Kenneth, lakini alipopiga simu aliuliza neno moja tu: "Kimempata nani?" Nilimtajia Mafia, nikaona nimeshajibu. Muda si mrefu tukapata habari kwamba mvua zake zimeikata barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi maeneo ya Somanga, kusini mwa pale kilipotua, na ikanibidi nimpigie tena.