Mlingoti wa kamera ya dada zetu: picha imetulia

Imekubali! Mechi nzima ya Jumamosi, kusi ikivuma kutoka baharini kama ilivyo kawaida ya Kigamboni saa kumi jioni, na miti ya goli haikucheza kwenye picha hata kidogo. Mliofuatilia mradi huu wa kurekodi mechi za dada kwa simu iliyo juu ya mlingoti mnajua mtikisiko wa picha ulivyonisumbua. Nimeitazama video mara mbili mfululizo, si kwa sababu ya mpira, bali kwa raha ya kuona paa la shule limekaa pale pale.

Kwa waliojiunga juzi: klabu yetu ya mtaa ina timu mbili, ya kaka na ya dada, na ya dada ndiyo inayoleta vikombe. Ninawarekodi kwa simu iliyofungwa juu ya mlingoti wa mita 6, usawa wa mstari wa katikati, nyuma kama mita 10 kutoka mstari wa pembeni. Kona mbili za karibu hazionekani, nimelikubali hilo. Magoli yote mawili yamo, na mabeki wote wanne wamo, na hicho ndicho Mwalimu, kocha wetu, anachokitaka. Ukisimama chini pembeni mwa uwanja unaona migongo ya watu tu. Mlingoti wenyewe ni mabomba yanayoingiliana, unashikiliwa kwa kamba zilizofungwa kwenye vigingi vya nondo. Namna ya kuutengeneza nilishaieleza, siirudii.

Turudi kwenye mtikisiko. Kila niliyemuuliza alinipa jibu moja: ongeza uzito chini. Nikaongeza mifuko ya mchanga, picha ikatikisika. Nikabadili bomba la chini likawa nene zaidi, ikatikisika. Nikaachana na kamba za nailoni, maana nailoni inavutika. Ukiikaza saa nane, mpira ukianza imeshalegea. Nikaweka katani. Katani ni kamba ya heshima, haivutiki ovyo na fundo lake halitelezi, na sirudi kwenye nailoni kwa kazi hii. Lakini picha iliendelea kutikisika. Mlingoti ukiutazama kwa macho umesimama wima, hauendi popote, halafu ukifungua video goli linahama kulia na kushoto mpaka kichwa kinauma. Nilikasirika, nasema kweli. Mwalimu alianza kutazama rekodi dakika tano kisha anazima, na dada wanaocheza vile walistahili kitu bora kuliko hicho.

Kilichofumbua fumbo ni kipande cha utepe wa karatasi wenye gundi. Nilikibandika kwenye kioo cha televisheni, pembeni kabisa mwa mti wa goli, kingine kwenye kibendera cha kati kilicho karibu na kamera, kisha nikaipeleka video polepole, picha baada ya picha. Yalijitokeza mambo mawili. Kwanza, mwendo wote ulikuwa wa kulia na kushoto. Paa la shule halikuinama wala kupanda. Pili, kibendera cha karibu na goli la mbali vilihama kwa kiasi kile kile kwenye kioo. Mlingoti ungekuwa unayumba, cha karibu kingehama sana na cha mbali kisingehama kwa kuonekana. Vikihama sawasawa, maana yake ni moja: mlingoti hauyumbi, unajizungusha.

Piga hesabu uone ukubwa wake. Kutoka kwenye kamera yangu hadi golini ni kama mita 60. Mlingoti ukiyumba sentimita 5, goli kwenye picha linahama sentimita hizo hizo 5, hakuna atakayeona. Ukijizungusha nyuzi 1 tu, goli linahama zaidi ya mita 1. Nyuzi 1! Ukiwa chini huwezi kuiona kwa macho.

Na kamba zangu nne zilifungwa zote kwenye pete moja. Pete inazuia bomba kulala, lakini haizuii bomba kugeuka. Ungeweza kumwaga zege chini na kufunga kamba kumi kwenye pete ile, lingegeuka tu. Ndiyo maana mchanga haukusaidia kitu.

Dawa yake ni mikono. Fundi wa kuchomelea alinikatia chuma cha pembe vipande viwili, akavichomelea msalaba chini kidogo ya simu, kila mkono nusu mita kutoka kwenye bomba. Sasa kila kigingi kina kamba mbili, zinazokwenda kwenye ncha za mikono miwili iliyo jirani, kwa umbo la V. Bomba likitaka kugeuka kulia, nusu ya kamba zinalikatalia. Likitaka kushoto, nusu nyingine. Minara mirefu ya redio iliyofungwa kwa nyaya nayo huwekewa mikono ya aina hii, kwa sababu hiyo hiyo. Pia nimeihamisha simu ikae juu ya kitovu cha bomba, badala ya kuning'inia ubavuni na kukamata upepo.

Vishikio vya plastiki vyenye springi, achaneni navyo. Ukanda wa tyubu ya baiskeli unabana simu vizuri zaidi na hauikwaruzi. Utulizaji picha wa ndani ya simu nauzima, maana juu ya mlingoti unaifanya picha iogelee. Na zile kamera zinazofuata mpira zenyewe zinasifiwa mno. Kwa mtazamaji zinafaa, kwa kocha hazifai, kwa sababu makosa ya beki hutokea mahali ambapo mpira haupo.

Ushahidi ni bao tulilofungwa Jumamosi. Uwanjani wote tulimlaumu beki wa kati wa kulia, kwa kuwa ndiye aliyepitwa. Kwenye video, sekunde chache kabla ya pasi, mstari wa nyuma unapanda kuweka mtego wa kuotea. Watatu wanapanda. Namba 3, upande wa pili kabisa, ameinama anavuta soksi, hatua mbili nyuma ya wenzake, na mshambuliaji wao yuko halali kwa sababu yake. Binti mwenyewe alipoiona alisema, "Mwalimu, rudisha," akatazama tena, akamwomba radhi mwenzake papo hapo.

Mpango ulikuwa hatua inayofuata iwe kamera ya pili na vipande vifupi vya mabao, ili wachezaji wawe na cha kuonyesha wakienda majaribio. Kila binti hapa anajua kwamba Aisha Masaka alitoka Yanga Princess akaenda BK Häcken ya Uswidi 2022, kisha Brighton 2024. Hilo nimelisogeza mbele, maana picha iliyotulia imeleta wazo jingine. Goli likikaa pale pale, ninaweza kutandaza nailoni ngumu ya kufunikia meza juu ya televisheni, nichore mistari ya uwanja mara moja, kisha Mwalimu aweke alama za wachezaji kwa kalamu ya wino, dakika baada ya dakika. Anafuta kwa kitambaa, anaendelea. Jana tuliijaribu, na umbali kati ya viungo na mabeki ukaonekana wazi kila mpira ulipopotea.

Nasikia watu wakiuliza kwa nini nisianze na kaka. Kaka wana simu za mashabiki kumi kila mechi. Ligi Kuu ya Wanawake ilipoanza msimu wa 2016/17, bingwa wa kwanza hakutoka Kariakoo kwa Simba na Yanga, alikuwa Mlandizi Queens wa Pwani. Simba Queens walimaliza wa nne kwenye Ligi ya Mabingwa Afrika kule Morocco 2022, na mwaka huo huo Serengeti Girls, timu ya taifa ya wasichana chini ya miaka 17, wakaifunga Ufaransa 2-1 nchini India na kufika robo fainali ya Kombe la Dunia la umri huo. Wasichana wa mtaani kwetu wana haki ya kujitazama wakicheza.

Alhamisi Mwalimu anataka mazoezi ya mabeki wanne peke yao, nusu uwanja, kamera ikiwa nyuma ya goli. Mikono nitairefusha kidogo kwanza, kwani upande ule hauna jengo la kuzuia upepo.