Baba Watoto Alijibu "Hapana"

Nilidhani yatapoa yenyewe nikiyaacha. Hayajapoa, basi nayaandika.

Mnajua binti yetu mkubwa na mchumba wake wako kwenye mafunzo ya ndoa kanisani. Mchungaji aliwapa karatasi ya maswali wakawaulize wanandoa waliokaa pamoja muda mrefu, nao wakatuchagua sisi. Nilifurahi mno. Jumapili tukakaa sebuleni wanne, tukajibu yale ya kawaida: nani anapanga matumizi, mkigombana mnapatanaje, mkinuniana nani huanza kusema. Tulicheka sana hapo kwenye kununa. Kisha binti akaikunja ile karatasi, akauliza swali lake mwenyewe.

"Baba, Mama, kama msingekuwa watu wa imani, leo mngekuwa bado mko pamoja?"

Nilikuwa navuta pumzi nijibu. Baba yake akanitangulia.

"Hapana."

Basi, hilo tu. Hakulisema kwa hasira, wala hakunitazama. Mkwe wetu mtarajiwa akainamisha macho. Binti akaifungua tena karatasi na kuandika, na mimi nikabaki naiangalia kalamu yake.

Wiki hii kitinda mimba amemaliza mitihani yake ya mwisho, na ile barua ya kuhamia wodi ya watoto niliyoililia humu kwa muda mrefu imetoka, na yote mawili nimeyapokea kana kwamba ni habari za jirani. Niko kwenye zamu, nabadilisha dripu ya mgonjwa, nasikia: hapana. Nakabidhi zamu, nasikia: hapana. Kilichoniuma zaidi ya jibu lenyewe ni wepesi wake. Mtu akiulizwa jambo kubwa namna hiyo asihitaji hata kufikiri, maana yake alishafikiri zamani. Alifikiri lini? Mimi nilikuwa wapi?

Miaka yote hii nimeamini kwamba hata tungekuwa hatumjui Mungu, bado tungechaguana. Kwangu imani ilikuwa baraka iliyowekwa juu ya kitu ambacho tayari kipo: tulipendana kwanza, ndipo tukaenda kusimama madhabahuni. Sasa mwenzangu ananiambia, mbele ya watoto, kwamba ukiitoa imani hakibaki kitu. Nililigeuza neno lake kila upande. Labda alitaka kumpa binti fundisho. Labda alichoka. Labda hakulisikia swali vizuri. Usiku ule tulisali kama kawaida, akaniombea kwa jina kama kawaida, akalala. Mimi nilikaa macho.

Kuna andiko tulilolishika tangu tulipooana: "Mwe na hasira, ila msitende dhambi, jua lisichwe na uchungu wenu bado haujawatoka." Paulo aliwaandikia Waefeso wote, si wanandoa peke yao, lakini sidhani kama kuna mahali linapobana kuliko kitandani, mmepeana migongo, kila mmoja anajua mwenzake hajalala. Safari hii jua lilikuwa limeshakuchwa mara kadhaa na uchungu uko palepale. Jumatano usiku nikamuuliza.

"Baba watoto, Jumapili ulimjibu mtoto hapana."

"Ndiyo."

"Ulimaanisha?"

"Nilijisemea mimi. Wewe sikukusemea."

Akanyamaza, nami nikanyamaza. Halafu akaanza kunisimulia habari za mwaka ule alipokuwa hana kazi. Nimeshauandika humu mwaka ule, ila niliuandika kwa upande wangu, maana upande wake sikuwa naujua. Alisema alikuwa ameshapanga nguo. Begi lilikuwa nyuma ya kabati, chumbani mwetu, na alikuwa anasubiri mwezi uishe aondoke.

"Mbona hukuondoka?"

"Kila usiku ulinishika mkono tukasema Baba Yetu. Tukifika 'utusamehe deni zetu, kama sisi nasi tuwasamehevyo wadeni wetu', mimi nilikuwa nanyamaza. Wewe ukiendelea peke yako. Hukugundua."

Kweli sikugundua.

"Nilikuwa nakudai mambo ambayo hata hukuyajua, Mama. Sikuweza kulitamka lile neno huku begi liko nyuma ya kabati. Na kuacha kusali na wewe sikuweza pia, ungeuliza. Ikabidi kimoja kiondoke. Nikazirudisha nguo."

Nililia. Sijui kama ni machozi ya huzuni, nadhani yalianza hivyo, kwa sababu ni kitu kizito kusikia kwamba mtu uliyekuwa unamshika mkono alikuwa njiani. Lakini kabla hayajakauka nilikuwa nimeshambana kifuani, nacheka na kulia, namshukuru Mungu kwa sala ambayo mimi mwenyewe mara nyingi niliisema huku nimechoka, macho yananifumba, mawazo yako wodini. Maneno yale niliyokuwa nayapitisha tu mdomoni yalikuwa yanamfanyia kazi mtu wa pembeni yangu. Sikuwa namshawishi abaki. Sikuwa hata najua kwamba kuna mtu wa kushawishiwa.

Tangu Jumatano "hapana" yake imegeuka sikioni mwangu. Nasikia mtu anayemheshimu Mungu kiasi cha kukataa kujipa sifa isiyo yake.

Kwenye mafunzo yao binti aliletewa habari za mchungaji wa Kijerumani, Dietrich Bonhoeffer, ambaye mwaka 1943, akiwa gerezani Tegel mjini Berlin, aliandika hotuba ya harusi ya rafiki yake Eberhard Bethge. Humo aliwaambia maarusi kwamba si upendo wao unaoibeba ndoa. Tangu siku ile ndoa ndiyo itakayoubeba upendo wao. Yeye mwenyewe alikuwa na mchumba, Maria von Wedemeyer, na hawakuoana kamwe, kwa sababu Aprili 1945 Wanazi walimnyonga. Binti aliponisomea, wiki chache nyuma, sikuyapenda yale maneno. Niliyaona ya baridi. Leo nayaelewa kwa begi. Mwaka ule upendo wa mume wangu haukuwa na nguvu ya kubeba chochote, na upendo wangu haukujua kinachoendelea. Kilichobaki kimesimama ni ahadi tuliyoiweka mbele za Mungu, na ile desturi ndogo ya usiku.

Petro naye anawaonya waume wakae na wake zao kwa akili na kuwapa heshima, "kusudi kuomba kwenu kusizuiliwe." Nilizoea kuusoma mstari huo kama tishio kwa wanaume. Sasa nauona umeandikwa na mtu anayejua jinsi maombi na ndoa vinavyoshikana: ukiharibu huku, kule kunakwama. Mume wangu alikwama kwenye sentensi moja ya Baba Yetu, na kukwama huko kukamwokoa.

Ninajua wapo wasomaji wangu ambao ndoa zao zilivunjika wakiwa wanasali, tena wakifunga. Sitaki mtu asome hapa akadhani nasema hakusali vya kutosha. Na mimi ni muuguzi. Nimewafunga vidonda wanawake walioambiwa na watu wa kanisa wavumilie, wasamehe, warudi. Hilo silikubali hata kidogo. Anayepigwa aondoke, na kusamehe kwake kutafanyika akiwa mahali salama. Ninachosimulia mimi ni habari ya watu wawili waliochoka, ambao hakuna aliyekuwa anamuumiza mwenzake isipokuwa kwa ukimya, na Mungu akatumia sala ya kila siku kuwazuia wasiachiane.

Nilimwomba baba watoto amalizie jibu lake kwa binti. Karatasi ile ina "hapana" tupu na mchungaji ataisoma. Akasema atamweleza kabla ya harusi, na mchumba awepo asikie, begi na yote. Nilimuuliza kama haoni aibu. Akasema afadhali wajue mapema kwamba siku hiyo huja hata kwa watu wanaopendana.

Jana usiku tulipofika kwenye deni zetu na wadeni wetu niliipunguza sauti yangu ili nimsikie. Alilisema lote, kwa sauti, na akaubana mkono wangu.

Nilitaka kuishia hapo ila kuna jambo jingine linanikosesha raha. Leo mchana nilimpigia mama yangu kumpa habari za wodi mpya. Akafurahi, akanibariki. Baada ya muda mfupi, kwenye simu ileile, akaniuliza ile barua ya uhamisho niliyokuwa naingoja imefikia wapi. Kazini naona wazee wengi wanaoanza hivyo, na mara nyingine ni dawa tu au maji mwilini yamepungua, mara nyingine sivyo. Kaka ndiye anayeishi karibu naye. Nitampigia asubuhi kabla hajaingia kazini, nimuulize kama naye ameona kitu, na kama anaweza kumpeleka hospitali wiki hii.