Nilivyofanya utafiti wa kupunguza kuanguka kwenye makao ya wazee

Nilichagua kuanguka kwa sababu kunahesabika, kunavunja nyonga, na wahudumu wenyewe walikuwa wanalalamika juu yake. Mada anayoileta mtafiti mfukoni mwake hujaziwa fomu wiki mbili tu, kisha fomu huanza kurudi tupu.

Kabla ya kuhesabu tulikubaliana kuanguka ni nini. Tafsiri ya Shirika la Afya Duniani inatosha: mtu kujikuta, bila kukusudia, yuko chini sakafuni au mahali pengine palipo chini zaidi ya alipokuwa. Kwa hiyo mzee aliyekutwa ameketi sakafuni asijue amefikaje, anahesabiwa. Aliyelegea miguu mhudumu akamdaka na kumshusha taratibu, nasi tulimhesabu. Hilo lisipoandikwa mapema, kila zamu itahesabu kwa akili yake.

Fomu ilikuwa ya ukurasa mmoja, ya kutia alama: saa, mahali, amevaa nini miguuni, taa ilikuwa inawaka au la, ameumia au la, na alikuwa anakwenda kufanya nini. Swali hili la mwisho ndilo lililolipa kuliko yote. Jina la mhudumu wa zamu nililiondoa kwenye fomu, maana likiwepo watu huficha.

Idadi tupu haifai, kwa kuwa wazee huingia na kutoka. Nilitumia kiwango kwa kila siku 1,000 za wakazi. Chukulia makao yana wazee 40 kwa mwezi wa siku 30: hizo ni siku 1,200. Wawili wakilazwa hospitali siku 10 kila mmoja, toa 20, zinabaki 1,180. Wakianguka mara 6, gawa 6 kwa 1,180, zidisha kwa 1,000, unapata kama 5.1. Kila wiki niliweka nukta moja kwenye chati iliyobandikwa chumba cha wahudumu, nikachora mstari kwenye thamani ya kati ya wiki za mwanzo, yaani namba ya katikati ukizipanga kutoka ndogo hadi kubwa. Nukta sita mfululizo upande mmoja wa mstari ndizo nilizohesabu kuwa badiliko. Nukta inayokaa kwenye mstari wenyewe haihesabiwi upande wowote; kwa kanuni inarukwa. Nukta moja iliyoshuka haina habari yoyote.

Jambo moja liwaandae wakubwa wa makao: wiki za kwanza kiwango hupanda. Wazee hawajaanza kuanguka zaidi, ila watu wameanza kuandika. Ndiyo maana kando niliweka chati ya waliojeruhiwa, ambao ni vigumu kuwaficha.

Fomu zilionyesha matukio yamerundikana njia ya chooni, kuanzia saa kumi alfajiri hadi wahudumu wanapobadilishana zamu. Badiliko la kwanza likawa kumpitia mzee na kumpeleka chooni kabla ya saa yake ya kawaida ya kuamka, kila mmoja kwa saa yake. Ratiba moja ya kila saa mbili kwa wote huwaamsha waliolala fofofo, na mtu aliyekatishwa usingizi husimama akiyumba. Tulijaribu kwanza kwa wazee wachache wa upande mmoja, tukarekebisha, ndipo tukaongeza. Ukianzisha ratiba, taa mpya na viatu vipya wiki moja, chati ikishuka hutajua kilichoishusha.

La pili lilikuwa presha ya kusimama, yaani presha inayoshuka mtu anaposimama. Mzee alale dakika 5, mpime. Asimame, mpime dakika ya 1 na ya 3. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10, jina lake liende kwa daktari pamoja na orodha ya dawa zake zote, hasa za usingizi, za presha na za kukojosha. Mhudumu asisimamishe dawa mwenyewe. Kosa la kila mahali ni kuanza kupima mzee akiwa ameketi kwa sababu kumlaza ni kazi. Tofauti hupungua na mwenye shida anaonekana mzima.

Ridhaa, baada ya kibali cha kamati ya maadili, haikuwa saini ya mara moja. Kwa mwenye dimensia (maradhi ya kupoteza kumbukumbu) ndugu alitoa idhini, lakini mzee mwenyewe akisukuma mkono wa mpimaji, kipimo cha siku hiyo kimeishia hapo.

Sasa kuna njia rahisi mno ya kushusha chati: kuwakalisha wazee kutwa. Hawataanguka, na misuli ya mapaja itaisha. Kwa hiyo tulihesabu pia ni wangapi walitembea hadi chumba cha kulia kwa miguu yao, kwa fimbo au kwa kitembezi (fremu ya kushikilia wakati wa kutembea). Wiki ambayo kuanguka kumepungua na watembeao wamepungua, sikuiandika kama mafanikio. Nilirudi kwa wahudumu kuuliza nani kaachwa kitini na kwa nini. Mara nyingi jibu lilikuwa kitembezi kimewekwa pembeni asipoweza kukifikia.