Mkeka Nilioukalia Bila Kuujua

Mwezi wa Novemba mwaka jana, nikiwa katika wiki ya tano ya masomo yangu ya uzamili ya usanifu, yaani ubunifu wa michoro na vitu, nchini Ujerumani, nilisimama mbele ya wanafunzi wenzangu kumi na wanne na walimu wawili ili nieleze bango nililolishughulikia kwa siku tisa. Nilikuwa nimelijaza mapambo ya mkeka wa Pemba, mistari ya zambarau, kijani na nyekundu inayopishana kutoka pembe hadi pembe, na nilikuwa na hakika kwamba nimeleta kitu ambacho hakuna mwingine mle chumbani angeweza kukileta. Mwalimu aliliangalia bango kwa muda mrefu, kisha akauliza swali moja: kwa nini mistari hii inakwenda mshazari? Nimezaliwa Konde, kisiwani Pemba. Nimelala juu ya mikeka ya Bibi yangu tangu utotoni mpaka nilipovuka kwenda kusoma sekondari Unguja. Swali lile sikuweza kulijibu.

Nimeamua kuandika kwa sababu vijana kadhaa wa Unguja na Pemba wanaotaka kusomea usanifu ng'ambo wameniuliza nilifanyaje, na karibu wote huuliza kwanza habari za fedha na viza. Hayo nitayaeleza kwa ufupi, kwa kuwa yana majibu yanayojulikana. Swali la mkeka ndilo lililonigharimu zaidi, na hakuna aliyenitahadharisha nalo.

Vyuo vikuu vingi vya umma nchini Ujerumani havitozi ada ya masomo, bali mchango wa kila muhula. Jimbo la Baden-Württemberg ni tofauti, kwani huwatoza wanafunzi wengi wanaotoka nje ya Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula. Kwa familia nyingi za kwetu mlima wenyewe ni akaunti maalumu ya benki ambayo mwombaji huijaza kabla ya kupewa viza, ili kuthibitisha kwamba ataweza kujikimu. Kiwango kilichoanza kutumika Septemba 2024 ni euro 11,904 kwa mwaka, na mwanafunzi akishafika huruhusiwa kutoa euro 992 kila mwezi. Fedha hizo ni zako na unarudishiwa kidogo kidogo, lakini ni lazima ziwepo zote kwa pamoja siku ya kuomba. Sehemu kubwa ya zangu alizitoa mjomba wangu aliyeko Muscat, nyingine zilitokana na karafuu za msimu mmoja wa baba, na zilizobaki ni akiba yangu ya miaka minne ya kubuni kadi za harusi na matangazo katika duka la uchapaji pale Darajani, mjini Unguja. Sheria ya sasa inamruhusu mwanafunzi wa kigeni kufanya kazi siku 140 kamili kwa mwaka, au nusu siku 280, lakini asiende mtu kwa kutegemea kwamba kazi itampokea bandarini. Ubalozi uko Dar es Salaam, kwa hiyo anayetoka Pemba ahesabu pia nauli za boti, kwani huenda akavuka zaidi ya mara moja kwa ajili ya karatasi moja iliyosahauliwa.

Kuhusu potifolio, yaani mkusanyo wa kazi ambao mwombaji hupeleka chuoni, yangu ilikuwa na kurasa ishirini na zote zilikuwa safi. Nilipoifungua tena hivi karibuni niliona kasoro ambayo wakati ule sikuiona: kila ukurasa ulionyesha kitu kilichokwisha kukamilika, na hakuna hata mmoja ulioonyesha nilivyofika pale. Hapakuwa na mchoro wa kwanza, wala jaribio lililoharibika na sababu ya kuharibika kwake. Nilikubaliwa, nami nashukuru, lakini kasoro ile ile ndiyo iliyonisimamisha bila jibu mwezi wa Novemba.

Katika darasa la usanifu la kule, kazi hutundikwa ukutani na wote hukaa mbele yake. Mwenye kazi husema machache, kisha wengine huichambua, mwanafunzi kwa mwalimu, na mwanafunzi anaweza kumwambia mwalimu waziwazi kwamba hakubaliani naye. Mimi nililelewa kwamba mkubwa akisema, mdogo husikiliza mpaka amalize, na hata akimaliza huangalia kwanza kama panafaa kusemwa neno. Adabu hiyo siioni kuwa mzigo na sijaitupa. Lakini kule kunyamaza kwangu kulichukuliwa kuwa sina la kusema, na ilinichukua muda kuelewa kwamba anayeuliza kwa nini hakusudii kukutia aibu. Anataka kuiona njia uliyopita. Tangu hapo nilijiwekea desturi ya kuandika sababu tatu za kila uamuzi kabla ya kwenda darasani, na nikianza kusoma nilichoandika, sauti hutulia yenyewe.

Usiku wa siku ile ya bango nilimpigia Bibi kwa simu ya video. Baada ya shikamoo na marahaba, na baada ya kuulizwa kama baridi imezidi na kama nakula, nilimuuliza: ukili mmoja una kindu ngapi? Ukili ni utepe mrefu wa kusukwa ambao hushonwa na mwenzake mpaka ukawa mkeka, na kindu ni vipande vya majani ya mkindu vinavyosukwa. Bibi alinyamaza, kisha akaniuliza yeye: "Mkeka wa nini, mjukuu wangu?" Nikasema mkeka wowote. Akasema hakuna mkeka wowote. Kuna mkeka wa kulalia, kuna msala wa kuswalia, kuna mkeka wa kutandikia wageni, na kuna wa kuuza, na kila mmoja una uchanaji wake wa kindu, upana wake wa ukili na rangi zake. Nilikuwa nimekaa wiki tano nikifundishwa kwamba msanifu huanza kwa kuuliza kitu kitatumiwa na nani na kwa kazi gani, kisha nikaenda kumuuliza Bibi swali ambalo yeye aliona wazi kwamba limeanzia mwisho.

Alichukua ukili aliokuwa akiusuka, akausogeza karibu na simu, akaanza kuufumua ili nione. Nilimwomba asiharibu kazi yake. Akasema atausuka tena kesho. Alifumua kiasi cha shubiri nzima, pole pole, akiuinua kila ukindu na kuuonyesha unakotoka na unakokwenda. Nilihesabu 13, nikahisi nimekosea, nikahesabu tena. Yeye mwenyewe hakuwahi kuzihesabu kwa sauti tangu alipofundishwa na mama yake. Alisema vidole ndivyo vinavyojua pengo likitokea.

Nilipomtazama ndipo nilipopata jibu la mwalimu. Katika nguo ya kufumwa kuna mtande, ambao ni nyuzi zilizofungwa na kutulia kwenye kitanda cha mfumi, na kuna mshindio, ambao ni uzi unaopita katikati ya nyuzi hizo kwenda na kurudi. Kila mmoja una kazi yake na haubadilishi. Katika ukili hakuna mtande wala mshindio. Ukindu huanza upande mmoja, hukata kwa mshazari huku ukipita juu na chini ya wenzake, ukifika ukingoni hukunjwa na kurudi upande wa pili, na kwa hiyo kila ukindu hufanya kazi zote mbili kwa zamu. Mstari wa zambarau unaouona kwenye mkeka haukuchorwa na mtu. Ni njia aliyoipita ukindu mmoja uliochovywa rangi. Mimi katika bango langu nilichora njia bila kuwepo msafiri. Ndiyo maana mistari yangu ilifika ukingoni ikakatika, wakati katika mkeka wa kweli hakuna mstari unaokatika ukingoni. Mwalimu hakuwa amewahi kuona mkeka wa Pemba, lakini aliona kwamba kuna kitu hakikukaa sawa.

Mwezi wa Machi, Ramadhani ilipokaribia kwisha, nilikwenda na wenzangu wawili kuliona jengo la Bauhaus, skuli mashuhuri ya usanifu, mjini Dessau, lile lenye ukuta mrefu wa vioo lililosanifiwa na Walter Gropius na kuzinduliwa mwaka 1926. Skuli hiyo ilianzia Weimar mwaka 1919, ikahamia Dessau, kisha Berlin, na ilifungwa mwaka 1933 kwa shinikizo la utawala wa Wanazi. Wengi huisifu kwa viti vyake vya vyuma na majengo yake. Mimi nilitaka kujua habari za karakana ya ufumaji, ambako wanafunzi wengi wa kike walielekezwa hata walipotaka fani nyingine. Gunta Stölzl aliiongoza karakana hiyo. Anni Albers, mmoja wa wanafunzi hao, aliingia bila kupenda sana, lakini mwaka 1949 kazi zake za nyuzi zikapewa maonyesho ya peke yake katika jumba la Sanaa za Kisasa la New York. Nilikaa chini ya vile vioo nikimfikiria Bibi, ambaye elimu yake ya mshazari ingeweza kujaza muhula mzima, na ambaye kwetu tunamwita msukaji tu, tena wakati mwingine kwa sauti ya kupunguza.

Jambo hili halihusu mikeka peke yake. Tulipopewa zoezi la herufi nilipeleka leso, na nilipoeleza kwamba ina pindo, mji na jina, wenzangu waliandika maneno hayo matatu kama nilivyoyatamka. Ni istilahi kamili ya kupanga eneo: pambizo, uwanja na maandishi, na kila muuzaji wa Darajani anaijua. Niliposema kwamba leso nyingi tunazovaa huchapwa India na China, mmoja alionekana kukata tamaa, kana kwamba kitu kikichapwa mbali hakiwezi kuwa chetu. Nilimjibu kwamba jina linaloandikwa juu yake, na anayelinunua ili amfikishie jirani yake ujumbe, wako kwetu.

Kwa hiyo, ndugu yangu unayejiandaa kuondoka, kabla hujavuka bahari tafuta mtu mmoja wa karibu nawe anayetengeneza kitu kwa mikono yake, awe fundi wa milango, mshonaji wa kofia za vitobo au mwunda ngalawa, ukae naye miezi miwili. Usimpige picha tu. Shika kifaa chake, kosea, umuulize kwa nini unakosea. Pima kwa utepe na kwa vipimo vyake, shubiri, mkono na pima, uviandike vyote viwili. Mimi sikufanya hivyo. Nililazimika kusoma ukili kupitia kioo cha simu, mtandao ukikatika, huku mtu wa zaidi ya miaka sabini akifumua kazi yake ili mimi nielewe.

Mwezi wa Mei nilimwonyesha Bibi ukili wangu wa kwanza niliousuka kwa vipande vya karatasi nene. Aliutazama kimya, kama walimu wangu wanavyotazama kazi ukutani, kisha akasema ukingo umelegea na zambarau imeingia mapema. Nilimuuliza mapema kwa vipi, naye akanieleza kwa dakika ishirini. Mwishoni mwa Julai narudi Konde mpaka masomo yatakapoanza tena Oktoba. Ameniagiza sindano za kushonea kili, nene na zisizopinda, kwa kuwa yake ya mwisho imekatika jicho. Nimezipata mbili kwa fundi wa matandiko ya farasi, nikazifunga ndani ya kitambaa, na ziko juu ya meza yangu karibu na daftari jipya na utepe wa kupimia.