Wimbo wa Jim, wimbo wa Eddy

Jumapili iliyopita redio ilikuwa ikiimba juu ya friji, binti yangu akaingia jikoni kutafuta andazi, akasimama mlangoni. "Mama, huyo anayelia huko nyuma ni nani?"

Hapakuwa na anayelia. Lilikuwa lile gitaa la country, muziki wa mashambani wa Marekani, linalolazwa chali, mpigaji akitelezesha kipande cha chuma juu ya nyuzi huku miguu ikikanyaga pedali, hadi sauti inavutika, inapanda, inashuka bila kukatika. Nikamweleza. Akanitazama kwa ile huruma waliyonayo watoto kwa mzazi anayedanganya, akachukua andazi lake, akaenda zake. Mimi akili ilikuwa imeshafika Wichita, mji wa jimbo la Kansas, Marekani, nilikosomea.

Mambo ya Wichita kwa kifupi: chuo siku za wiki, kazi ya kuhudumia wazee katika nyumba yao wikendi, na karo isiyokwisha. Ninayemkumbuka ni mzee wa chumba cha mwisho upande wa kulia, ambaye hapa nitamwita Mzee tu. Alikuwa amelima ngano maisha yake yote huko Barber County, kusini-magharibi mwa Wichita, karibu na kimji cha Sharon alikokulia mwimbaji wa country Martina McBride. Kwa hiyo Martina alipotoa albamu ya *Timeless* Oktoba 2005, binti yake Mzee aliileta pamoja na kicheza CD kidogo, akakiweka dirishani, akatuagiza: akikasirika, mwekeeni hii.

Na Mzee alikuwa anajua kukasirika. Hasa asubuhi. Hasa akiona wembe.

Albamu yenyewe ina nyimbo 18 na hakuna hata moja iliyokuwa mpya. Martina wakati huo alikuwa nyota, angeweza kuendelea kuuza zake, lakini akarudi kwa nyimbo za wakongwe kina Hank Williams, Loretta Lynn, Buck Owens na Tammy Wynette, akaziimba karibu kama zilivyoachwa. Yeye na wanamuziki wake walitafuta hata mitambo ya kizamani ili zitoke na sauti ya enzi zile. Ikaingia moja kwa moja kileleni mwa chati ya albamu za country. Kwa maoni yangu sauti yake imenyooka kupita kiasi kwa baadhi ya nyimbo. Kuna machungu yanayotaka sauti iliyokwaruzika kidogo. Lakini ule wa Johnny Cash anaoimba na Dolly Parton, "I Still Miss Someone", sina neno.

Mara ya kwanza kuisikiliza niliona kama nimeibiwa. Hizi nyimbo si zetu? "Rose Garden" ya Lynn Anderson niliijua kabla sijaijua jedwali la saba. Mtu wa Njoro au Nyahururu, kwetu Kenya, haelezwi haya: Jumapili, redio ya KBC, Jim Reeves, Skeeter Davis, Kenny Rogers. Hata mwimbaji wa mugithi, ule muziki wa gitaa wa Wakikuyu, usiku ukishakuwa mkubwa, anakuchomekea Jim Reeves katikati na ukumbi mzima unaitikia. Nilikuwa najua Jim ni Mmarekani, ndiyo, kwa namna unavyojua kwamba mahindi nayo yalitoka huko. Kwangu alikuwa mtu wa redio ya Baba, na redio ya Baba ilikaa Njoro.

Sasa Jumapili moja ya Novemba. Nimefunga breki za kiti cha magurudumu, nimempangusa Mzee uso kwa taulo la moto, nimempaka povu. Nilipoinua wembe akanishika kifundo cha mkono. Mikono ya mkulima haizeeki sawa na mwili. Nilihisi mifupa yangu. Nikanyoosha mkono wa pili, nikabonyeza CD, tukakaa hivyo, yeye kanishika, mimi nimesimama, povu likianza kukauka mashavuni.

Nyimbo kadhaa zikapita. Ilipoanza "Make the World Go Away" nikajikuta naimba chini chini, kwa mazoea tu, kama nilivyokuwa nikiimba nikifagia ua. Mkono ukalegea. Kidevu kikainuka chenyewe. Nikanyoa shavu la kushoto, nikanyoa la kulia, nikafika pale chini ya pua, kwenye kile kibonde ambacho wembe wa bei rahisi haufiki vizuri, na hapo Mzee akaanza kuimba.

Huwezi kunyoa mdomo unaoimba. Nikangoja, wembe hewani. Alikuwa haimbi sauti ya Martina. Alikuwa amepita chini yake, sauti nzito ya pili, imetulia, haitafuti maneno hata mara moja. Martina alipovuta pumzi Mzee akafumba mdomo, nami nikapitisha wembe mara moja, haraka. Wakarudi wote wawili, nikainua mkono. Pumzi, wembe. Pumzi, wembe. Wimbo ulipokwisha tulikuwa tumemaliza mdomo wa juu na hakuna hata tone la damu, na mlangoni amesimama mwenzangu wa zamu na shuka mkononi, hasemi kitu.

"Umejifunzia wapi huo?" Mzee akaniuliza.

"Nyumbani, Kenya. Ni wimbo wa Jim Reeves."

Akanigeukia taratibu. Asubuhi hiyo jina la binti yake lilikuwa limempotea kabisa. "Jim alikuwa mtu mzuri," akasema. "Lakini huo ni wa Eddy Arnold."

Saa sita mchana, kwao Njoro saa tatu usiku, nikakwangua kadi ya simu nikampigia Baba. Nyumbani nilikuwa nimesema nafanya kazi hospitalini, na nilikuwa nikiogopa siku atakayojua kwamba binti aliyemuuzia ng'ombe yuko Marekani ananyoa ndevu za wanaume wa watu. Nikamsimulia yote kwa mkupuo. Kimya. Nikadhani kadi imekula pesa, kama kawaida yake.

"Mwambie huyo mzee," Baba akasema, "wimbo ni wa Jim. Mwambie mimi nimesema."

Kuhusu ndevu hakuuliza, siku hiyo wala baadaye.

Basi nikawa tarishi. Jumapili napeleka ujumbe chumba cha mwisho, mchana narudisha jibu Njoro. Mzee siku nyingine hakunikumbuka mimi ila alimkumbuka mpinzani wake: mwulize Mwafrika wako, Eddy alikitoa mwaka gani kibao hicho? Mwaka 1965, nikapeleka. Baba akacheka. Jim alikufa kwa ndege mwezi wa Julai 1964, karibu na Nashville, kwa hiyo alikuwa ameshaurekodi. Huyo Eddy alimfuata marehemu! Ujumbe huo Mzee aliupokea vibaya, akakataa uji.

Mimi wakati huo nilikuwa nimeshapitia maktaba ya chuo. Mtunzi ni Hank Cochran, na aliyeutia kwenye chati kabla ya wote wawili ni Ray Price, mwaka 1963. Sikumwambia mtu. Wazee wawili wenye afya mbovu walikuwa wakipigana vizuri juu ya shamba la mtu mwingine, ningeingiza Ray Price wa nini? Na Martina, ambaye ndiye aliyekuwa akituimbia, hakuna aliyempa hata asante. Mzee alisema tu ni mtoto wa nyumbani, aliyeanza kuimba na bendi ya baba yake.

Januari niliingia zamu nikakuta kitanda kimetandikwa na dirisha halina kitu. Binti yake alinikuta koridoni akaniuliza kama baba yake aliwahi kufurahi hapo ndani. Nilimweleza habari za wembe. Zile za Baba sikujua ningeanzia wapi.

Ikabaki Njoro. Baba aliuliza kabla hata ya salamu. "Yule mzee wako amesemaje?"

"Amekubali," nikasema. "Ni wa Jim."

"Si nilikuambia!" Akacheka hadi akakohoa, nikamsikia akimwita Mama aje asikie. Kisha akarudi kwenye simu, sauti imeshuka. "Lakini usimringie. Mwambie hata Eddy si mbaya."