Miraba ya wanafunzi wetu: kata kwa jicho, shona kwa kipimo

Miraba 20 imebandikwa kwa pini kwenye blanketi jeupe ukutani, na hakuna hata miwili inayofanana. Hiyo ndiyo raha ya mfarishi, yaani tandiko la viraka vilivyoshonwa pamoja, usio na mchoro. Mshonaji hana karatasi ya kufuata. Anakata kwa jicho, anashona, anarudi nyuma hatua mbili kutazama, ndipo anaamua kiraka kinachofuata. Miraba 19 kati ya hiyo imepunguzwa ikawa sentimita 31.2 kila upande, ili ikishaunganishwa ibaki sentimita 30 kamili. Mmoja haukupunguzwa, na una sababu yake, tutaufikia.

Wanaoanza huisikia "bila mchoro" wakaelewa "bila kipimo". Sivyo. Mkato ni huru, lakini mshono hupita milimita 6 kutoka ukingoni, tangu kiraka cha kwanza hadi cha mwisho. Ukipungua hapo, kitambaa kinachambuka na mshono unaachia mfarishi ukifuliwa mara ya tatu au ya nne. Ukizidi, migongo ya mishono inapandana na mraba unakuwa mgumu kama kadibodi. Ukiyumba, leo 5 kesho 9, mraba haulali hata uupige pasi mchana kutwa. Mraba uliotoka mdogo unaongezewa ukanda, basi. Mshono unaoyumba dawa yake ni kufumua.

Kwenye cherehani ya zamani ya Singer au Butterfly isiyo na alama, shusha sindano taratibu juu ya rula, hesabu milimita 6 kulia kwake, kisha bandika tabaka tatu za plasta mahali hapo ziwe ukingo wa kuegemezea kitambaa. Halafu jaribu: kata kanda tatu za sentimita 4, zishone ubavu kwa ubavu, piga pasi. Ukanda wa katikati lazima usome sentimita 2.8. Ukisoma 2.6, mshono wako umefika milimita 7, sogeza plasta. Urefu wa hatua ya sindano uwe milimita 2, mfupi kuliko wa kushonea gauni, kwa sababu kazi hii hukatwa katikati ya mishono tena na tena, na hatua ndefu hufumuka zenyewe kila mkasi unapopita.

Vitambaa vilitoka kwenye mifuko ya mabaki ya mafundi nguo: vitenge, kanga zilizochakaa katikati lakini pindo bado zima, shuka za pamba. Kila kimoja kilipita kwanza kwenye moto. Chomoa nyuzi chache pembeni, ziwashe kwa kiberiti juu ya sahani. Pamba huwaka kwa harufu ya karatasi na kuacha jivu jepesi. Poliesta hunywea, huyeyuka na kuacha tone gumu. Kitenge cha poliesta kinafaa kwa gauni, lakini kwenye viraka kinasumbua, maana hakishiki mkunjo wa pasi, na moto unaotosha pamba ya jirani yake unakiunguza.

Kitambaa cha rangi moja tulichokitegemea zaidi ni marikani na kaniki. Marikani ndiyo ile iliyofika pwani yetu kutoka viwanda vya Marekani karne ya 19 na jina likabaki. Rangi yake ya maziwa inatuliza kitenge chochote kile. Hunywea sana, kwa hiyo loweka maji ya moto na uianike kabla ya kukata. Kaniki nayo hutoa rangi. Chumvi na siki hazizuii, ingawa kila mtu ana shangazi aliyemwambia vinazuia. Kinachosaidia ni kufua na kufua mpaka maji yatoke meupe. Kisha weka kitambaa cheupe kibichi juu ya kaniki, kandamiza pasi ya moto, uangalie. Kikitoka na kivuli cha buluu, rudi kwenye beseni. Tuna mraba mmoja mzuri sana ukutani ambao marikani yake imekuwa kijivu kwenye kona kwa sababu hatua hii ilirukwa.

Tuanze na mraba wa kona ya juu kushoto. Katikati yake kuna kipande cha pindo la kanga chenye korosho moja nyekundu, sentimita 7 kwa 6, kimekatwa pembe zote zikiwa zimepinda kidogo. Kanda zinakizunguka: kaniki, kitenge cha manjano, marikani, kitenge tena. Wanawake wa Gee's Bend, kijiji kilichokumbatiwa na kona ya mto Alabama huko Marekani, wana mtindo wa jamii hii wanaouita paa la nyumba. Walizoea kushona kwa nguo za kazi zilizochakaa, na mifarishi yao ilionyeshwa kwenye jumba la sanaa la Houston mwaka 2002. Mwaka 2006 posta ya Marekani ikatoa stempu 10 zenye picha za mifarishi hiyo. Mwanafunzi akitaka kujua mpindo mdogo wa ukanda unaweza kubeba nini, tunamwonyesha hizo.

Utaratibu wake ni huu. Kata kanda za upana wa kati ya sentimita 3 na 6, upande mmoja mpana kuliko mwingine. Laza ukanda mrefu kuliko unaohitajika kwa sentimita 3 au zaidi, shona, fungua, piga pasi, ndipo ukate mwisho wake ukifuata mkingamo unaoupenda. Shona kwanza, kata baadaye. Wanafunzi wanne walifanya kinyume: walikata ukanda kwa urefu waliodhani ndio, ukapungua kidogo, wakauvuta ufike. Mraba ukatuna katikati kama sufuria. Ukanda uliovutwa hurudi ulikotoka mara tu ukitoka kwenye cherehani, na hurudi na majirani zake.

Sababu nyingine ya kutuna ni hanamu. Ukikata kwa mshazari, ukingo wa kitambaa haufuati tena mtande wala mshindio, yaani nyuzi za urefu wala za upana, kwa hiyo unanyooka kama mpira. Hatuwezi kuukimbia hanamu kwenye kazi hii, maana ndio unaoipa uhai; tunaudhibiti. Tia kitambaa wanga na ukipige pasi kabla ya kukata. Unaposhona ukingo wa hanamu na ukingo ulionyooka, wa hanamu uwe chini, kwa sababu meno ya cherehani huusukuma mbele ule wa chini na kumeza ile ziada. Na pasi ishushwe na kuinuliwa. Ukiikokota unakivuta kitambaa kwa mkono wako mwenyewe.

Safu ya pili ina miraba ya mistari iliyokatwa ikageuzwa. Unashona kanda 8 au 9 ubavu kwa ubavu upate karatasi ya kama sentimita 38 kila upande, unaikata kwa mshazari mara moja, unageuza nusu moja juu chini, unaunganisha. Kosa lililojirudia hapa ni karatasi kupinda kama ndizi. Kanda zote zilishonwa kutoka upande uleule, na kila mshono ukavuta kidogo kuelekea huko huko. Shona wa kwanza ukitoka juu, wa pili ukitoka chini, wa tatu juu, uvutano unajisawazisha.

Lakini tatizo kubwa la safu hii halikuwa la mshono. Vitenge vinne vyenye maua makubwa, kila kimoja na rangi sita, vikikaa pamoja havionyeshi kitu; jicho halina pa kutua. Rangi si ndiyo inayotenganisha kanda, ni kiza na mwanga. Piga mraba picha kwa simu, igeuze iwe nyeusi na nyeupe. Ukiona bamba moja la kijivu, toa kitenge kimoja na uweke kaniki au marikani mahali pake. Binti mmoja alifumua kanda mbili tu, akaingiza marikani nyembamba ya sentimita 3, na ule mraba ndio watu wanaousogelea kwanza wanapoingia mlangoni. Nyekundu na kijani kibichi, rangi zinazogombana machoni, kwenye picha ya kijivu mara nyingi huwa kitu kimoja. Hilo liliwashangaza karibu wote.

Mraba ninaoupenda kuliko yote (naomba radhi kwa walioshona mingine) ni kaniki tupu iliyopitiwa na mistari mitatu myembamba ya rangi ya chungwa. Unatazama usiku wenye nyufa. Kuutengeneza ni rahisi kueleza: kata kaniki toka ukingo hadi ukingo, ingiza ukanda, shona pande zote mbili, kata tena kwingine. Hesabu yake inafaa kushikwa. Ukanda uliokatwa sentimita 2.5 huonekana 1.3, kwa kuwa mishono miwili imekula 1.2. Kaniki nayo imepoteza 1.2 kwenye mkato. Kwa hiyo mraba unaongezeka milimita 1 tu, na unaweza kukata mara tatu bila ukubwa kubadilika wa kuonekana. Ukitumia ukanda wa sentimita 2, unaoonekana 0.8, kila mkato unaupunguza mraba milimita 4. Anza na kaniki kubwa zaidi.

Pale mistari inapokatana ndipo penye kazi. Mstari wa pili ukipita juu ya wa kwanza kwa mshazari, ule wa kwanza hukatika na vipande vyake viwili havitazamani tena. Laza rula juu ya mstari wa kwanza baada ya kushona upande mmoja wa ukanda mpya, chora kwa chaki mwendelezo wake hadi ng'ambo ya ukanda, kisha pachika pini pale chaki inapokutana na mstari wa upande wa pili, milimita 6 ndani ya ukingo, mahali mshono utakapopita. Wengi walilinganisha kwenye ukingo wenyewe. Mstari ukaruka.

Miraba ya mawimbi ni mitatu tu, kwa sababu darasa liliiogopa, na bila sababu. Laza vitambaa viwili, uso wa vyote ukitazama juu, vipandane sentimita 5. Kata wimbi la pole kupita kwenye vyote viwili kwa pamoja. Tupa vile vipande vyembamba vilivyobaki. Kingo mbili zilizobaki zina wimbi lilelile. Zigeuze uso kwa uso, pini moja katikati, shona polepole ukizilinganisha kingo kwa vidole kila baada ya sentimita 2 au 3. Usivute. Wimbi kali la nusu duara litainuka kama hema. Wimbi linalofanana na barabara ya mlimani ukiiona kwa mbali litalala lenyewe. Pasi ielekeze mshono upande unaotaka kwenda, usiulazimishe.

Kupunguza kunafanywa na dirisha la kadibodi: toboa tundu la sentimita 31.2 kwenye ubavu wa boksi gumu, lisogeze juu ya kazi, lizungushe, mpaka uone sehemu inayokuridhisha. Mara nyingi iliyo bora haiko katikati. Chora kwa chaki, kata, kisha pitisha mshono mmoja milimita 3 kutoka ukingoni kuuzunguka mraba wote, ili mishono iliyokatwa isiachie na hanamu isitanuke ikisubiri wenzake. Miraba minane haikupitishwa mshono huo, na wiki moja ukutani iliitosha kutanuka hadi milimita 5.

Sasa ule usiopunguzwa. Umeshonwa kwa mkono na mama asiye na cherehani nyumbani, kwa namna ya Wasiddi wa Karnataka, India, watu ambao mababu zao walitoka Afrika, na baadhi yao kutoka upande wetu huu wa mashariki. Mifarishi yao huitwa kawandi. Mshonaji haanzii katikati. Anaanzia ukingoni, anakunja ukingo wa kiraka ndani, anakishikiza juu ya kitambaa cha chini kwa mishono ya kupenyeza sindano juu chini, anaweka kingine kikipandia cha kwanza, na kuzunguka hivyo safu kwa safu kuelekea ndani. Viraka vinaungana na kitambaa cha chini hapo hapo. Hakuna hatua ya pili. Mishono ya mama huyu iko kama milimita 5 kwa 5, safu zikiachana upana wa kidole, na ukipitisha kiganja unazihisi kama matuta ya shamba.

Kingo zake zimeshakunjwa na kumalizwa, kwa hiyo hauwezi kuunganishwa kwa mshono wa milimita 6 kama mingine. Una sentimita 26. Tutaulaza juu ya mraba wa kaniki wa 31.2, uliofuliwa mara saba, na kuushikiza kwa mkono kuzunguka, kaniki ikionekana sentimita 2 kila upande. Kwenye pembe nne ameweka pembetatu ndogo za kitambaa kilichokunjwa, ambazo Wasiddi huziita phula, yaani maua. Hizo hazitashikizwa ncha. Zitaachwa zisimame.