Mtangazaji wa habari alikuwa na kwikwi, kumbe ni kompyuta yangu

TV yetu ilikufa Ramadhani, watoto waliipiga na mpira skrini ikapasuka, na pesa ya kununua ingine haikuwepo, kwa hivyo nikaamua kompyuta ya mezani ndio itakuwa TV. Nikatafuta kile kidude cha USB cha kushika stesheni, na hapo uangalie kiwe cha DVB-T2 maana Kenya ndio mfumo wa TV ya dijitali tulionao tangu analojia izimwe 2015, ukiletewa cha DVB-T ya zamani pekee utaskani mpaka kesho hupati kitu. Changu kilikuwa sawa, nikafungua VLC, ile programu ya kucheza video, stesheni za bure zikaingia, picha safi, nikajiona fundi.

Saa moja usiku taarifa ya habari ikaanza, mama amekaa na chai yake, mtangazaji akisema maneno mawili matatu spika zinapiga trrr kama mtu anapasua kanga, inatulia, halafu trrr tena, na mara nyingine neno zima linamezwa. Mama akanigeukia: "Mwanangu, huyu bwana ana kwikwi ama ni hiyo mashini yako yamtesa?" Nikamwambia subiri kidogo mama natengeneza. Hiyo kidogo ilikula wiki mbili.

Nilijaribu kila kitu nilichosikia. Nilibadilisha spika, nikaweka hedifoni, bado. Nikaingia kwenye setingi za sauti za Windows nikazima yale mapambo ya kuongeza besi, nikaweka sampuli za sauti 48000 kwa sekunde badala ya 44100 kwa sababu sauti ya TV ya dijitali huja kwa 48000 na kompyuta haina haja ya kuigeuza kila saa, bado. Nikazima ile kitu ya kulaza USB ili kusevu umeme. Kwenye VLC nikaongeza kachi hadi 1000, yaani sekunde moja ya akiba, hapo trrr ikapungua lakini maneno kumezwa kukabaki vilevile. Ndio nilichanganyikiwa kabisa, kwa sababu dawa ikifanya kazi nusu hujui kama umepata ugonjwa ama umebahatisha.

Kilichonisaidia ni kitufe chekundu cha kurekodi cha VLC. Nilirekodi habari dakika kumi, nikachukua kalamu na karatasi, nikacheza lile faili mara tatu na kila sauti ikikwama naandika dakika na sekunde. Kama ubovu umeingia na mawimbi basi uko ndani ya faili, utarudi palepale kila ukicheza. Kama ni kompyuta inashindwa kucheza, utahamahama. Basi karatasi yangu ikawa na vitu viwili! Kule neno linapomezwa ilikuwa sekunde ileile mara zote tatu, na nikitazama vizuri picha nayo inatoa vijiboksi pembeni kidogo tu. Lakini trrr za kupasua kanga kila mara zilikuwa mahali tofauti, na picha haina neno. Kumbe nilikuwa na magonjwa mawili kwa wakati mmoja, ndio maana kila dawa ilikuwa yaonekana haifanyi kazi.

La kwanza nikapanda juu ya mabati na bisibisi. Antena yenyewe nzima, lakini pale waya unapoungana nayo nilipofungua ile tepu nikakuta uchafu wa kijani umejaa na uzi wa shaba wa katikati umebaki mwembamba kama unywele. Sisi tuko karibu na bahari, hewa ya chumvi inakula kila kitu, hata bawaba za mlango. Nikakata kama shubiri moja, nikachuna upya, koneta mpya, nikafunga tepu safari hii mpaka ikashikana. Vijiboksi vikaisha siku hiyohiyo, na maneno yakaacha kumezwa.

La pili lilikuwa la kijinga zaidi. Kuna programu ya bure inaitwa LatencyMon, unaiwacha ikiwa imewaka huku unatazama TV, inakuonyesha ni draiva gani, yaani programu ndogo ya kuendesha kifaa, inaishikilia prosesa muda mrefu kupita kiasi. Ilinionyesha upande wa netiweki, nikazima Wi-Fi, trrr kimya, sauti kama maji. Nikawasha, trrr. Nikazima tena. Nilirudia mara tano hivi kwa raha tu. Nilivyoelewa ni kwamba sauti inapelekwa vipande vidogovidogo, kama vijana wa mjengo wanaorushiana matofali, wa chini akizubaa kidogo wa juu anabaki mikono mitupu, na huo utupu ndio trrr. Picha nayo inachelewa pia lakini jicho husamehe, sikio halisamehi.

Draiva ya Wi-Fi ilikuwa ya zamani, ile iliyojiweka yenyewe wakati naweka Windows. Nikashusha mpya kutoka kwa waliotengeneza hiyo kadi, nikaristati kompyuta, trrr ikapungua sana lakini haikuisha, basi nikavuta waya wa intaneti kutoka kwa rauta mpaka mezani na Wi-Fi nikaizima moja kwa moja. Ile kachi nikairudisha chini maana ikiwa kubwa, ukibadilisha stesheni lazima usubiri.

Kimebaki kitu kimoja, jirani akiwasha blenda yake ya juisi kuna tak moja hivi kwenye spika. Hiyo nimeiwacha, siwezi kwenda kumwambia mtu asikamue maembe.

Mama juzi alitazama habari mwanzo mpaka mwisho, hakusema kitu, halafu akaweka kikombe chini. "Kumbe huyu bwana asema haraka namna hii? Wakati ana kwikwi nilikuwa nikimuelewa."